SOMO LA 9: MTU WA DIJITI KATIKA KUJARIBU USANIFU WA BIDHAA

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kueleza maana ya mtu wa dijiti na uigaji wa kompyuta;
(b) kutaja hatua za kujaribu bidhaa kwa kutumia mtu wa dijiti;
(c) kukokotoa momenti na kani inayoupata mgongo wakati wa kuinua mzigo;
(d) kueleza kwa nini wastani peke yake hautoshi katika usanifu;
(e) kujadili faida na mipaka ya mbinu hii kwa mifano ya Afrika Mashariki.

9.1 Tuanzie kisimani

Hapa Ngarambe, wilayani Rufiji, mwanafunzi wengi wenu mnamjua: ametumwa maji kabla ya kwenda shule. Anafika kwenye pampu ya mkono, ya aina ile yenye mpini mrefu. Mpini ukiwa juu, mkono wake haufiki. Anaruka, anaudaka, ananing'inia mpaka ushuke, kisha anauachia na kuruka tena. Ndoo ya lita 20 inajaa baada ya kuruka mara nyingi. Halafu anasubiri mtu wa kumtwisha.

Ukimwuliza tatizo ni nini atakujibu, "Mimi ni mfupi." Jibu hilo si sahihi, na somo hili lote linahusu kwa nini si sahihi. Mtoto huyo ana kimo cha kawaida kwa umri wake. Kilichokosewa ni kimo cha mpini. Aliyeusanifu alikuwa na mtu fulani akilini, na mtu huyo hakuwa mtoto anayechota maji kila siku.

Swali la msanifu ni hili: angewezaje kuligundua kosa hilo kabla pampu haijatengenezwa, kusafirishwa na kufungwa kwa saruji? Njia mojawapo ni kumweka mtu wa dijiti mbele ya pampu iliyochorwa kwenye kompyuta.

9.2 Maana ya istilahi

Mtu wa dijiti ni kielelezo cha mwili wa binadamu kilichojengwa ndani ya kompyuta, chenye vipimo, maungio na mwendo unaofanana na wa mtu halisi.

Uigaji ni kuendesha tukio ndani ya kompyuta kama ambavyo lingetokea kweli. Mfano: mtu wa dijiti anainua ndoo, anakaa kwenye kiti, au anapata ajali ya gari.

Ergonomia ni taaluma ya kuifanya kazi na kifaa vimfae mtu, badala ya kumlazimisha mtu ajikunje kufuata kifaa.

Anthropometria ni upimaji wa mwili wa binadamu: kimo, urefu wa mkono, upana wa nyonga, uzito na kadhalika.

Bidhaa ya mfano ni kifaa cha kwanza kinachotengenezwa kwa ajili ya majaribio kabla ya kuzalisha vingi.

Kumbuka: mtu wa dijiti si mchoro tu. Mchoro wa mtu amesimama kando ya pampu haukokotoi chochote. Mtu wa dijiti anaweza kuulizwa, "Unafika? Unaona? Mgongo unabeba kani kiasi gani?" naye akatoa jibu la namba.

9.3 Historia kwa ufupi

Mbinu hii ilianzia kwenye ndege. Mwaka 1964, William Fetter wa kampuni ya Boeing nchini Marekani alichora kwa kompyuta umbo la rubani ili kuchunguza kama angefikia vifaa vyote ndani ya chumba chake. Katika miaka ya 1980, Norman Badler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitengeneza programu iliyoitwa Jack, yenye mtu anayeweza kuinama, kushika na kutembea. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, Ujerumani ulianza utengenezaji wa programu ya RAMSIS, inayotumika kupanga viti na usukani wa magari. Mwaka 2000, Toyota ya Japani ilitoa THUMS, mtu wa dijiti mwenye mifupa na nyama, ambaye kwa matoleo yaliyofuata aliongezewa ubongo na viungo vya ndani. Huyu hutumika kuchunguza majeraha ya ajali. Tangu mwaka 2021 Toyota imewaruhusu watafiti kumtumia bila malipo.

9.4 Hatua za kujaribu bidhaa

Hatua ya 1: Kupima watu. Watumiaji halisi hupimwa kimo, urefu wa mikono, nguvu na kadhalika.
Hatua ya 2: Kumjenga mtu wa dijiti. Vipimo huingizwa katika programu. Hujengwa watu kadhaa: mfupi, wa kati, mrefu, mwanamke, mwanamume, mtoto.
Hatua ya 3: Kuchora bidhaa kwa vipimo vyake kamili.
Hatua ya 4: Kuendesha uigaji. Mtu wa dijiti anaitumia bidhaa.
Hatua ya 5: Kusoma matokeo: alifika au hakufika, kani kwenye mgongo, nafasi ya magoti, kinachoonekana machoni pake.
Hatua ya 6: Kurekebisha mchoro na kurudia hatua ya 4 na ya 5.
Hatua ya 7: Kutengeneza bidhaa ya mfano na kuijaribu kwa watu wenyewe.

Zingatia: wanafunzi wengi huishia hatua ya 6. Hatua ya 7 haiachwi kamwe. Sababu utaiona katika sehemu ya 9.7.

9.5 Ndani ya kompyuta kuna nini? Mfano wa ndoo

Usidhani kompyuta inafanya miujiza. Inafanya hesabu ya nyenzo unayoijua tayari, ila inaifanya kwa maungio mengi na kwa haraka. Tuifanye moja kwa mkono.

Mfano wa 1. Mtu anainua ndoo yenye lita 20 za maji. Ndoo iko umbali wa mita 0.5 mbele ya uti wa mgongo wake wa kiunoni. Misuli ya mgongo inavuta ikiwa umbali wa takriban mita 0.05 nyuma ya egemeo, yaani pingili za uti wa mgongo. Tafuta kani ya misuli. (Chukua g = 10 N/kg. Acha uzito wa ndoo tupu na wa kiwiliwili.)

Suluhisho:
Lita 20 za maji zina tungamo la kilo 20.
Uzito = 20 × 10 = 200 N
Momenti ya mzigo = 200 N × 0.5 m = 100 Nm
Ili mtu asianguke mbele, momenti ya misuli lazima iwe sawa: kani × 0.05 m = 100 Nm
Kani ya misuli = 100 ÷ 0.05 = 2,000 N

Tazama jibu hilo vizuri. Ndoo ni ya N 200, lakini misuli inavuta kwa N 2,000, mara kumi zaidi. Pingili za mgongo zimebanwa katikati. Na hapa hatujaongeza uzito wa kiwiliwili kilichoinama.

Mfano wa 2. Mtu yuleyule anaisogeza ndoo karibu na mwili, umbali wa mita 0.25.
Momenti = 200 × 0.25 = 50 Nm
Kani ya misuli = 50 ÷ 0.05 = 1,000 N

Mfano wa 3. Watu wawili wanasaidiana kuinua ndoo, kila mmoja nusu, umbali wa mita 0.5.
Momenti kwa kila mmoja = 100 × 0.5 = 50 Nm
Kani ya misuli ya kila mmoja = 1,000 N

Sasa unaelewa kwa nini kisimani watu hutwishana. Mama zetu hawakuwa na kompyuta, lakini walijua hatari iko wapi: si ndoo ikiwa imetulia kichwani juu ya kata, bali ule muda wa kuitoa chini hadi kichwani. Ikiwa kichwani, mzigo uko wima juu ya uti wa mgongo, kwa hiyo umbali wa mlalo unakaribia sifuri na momenti nayo ni ndogo. Usiandike, hata hivyo, kwamba kubeba kichwani hakuna madhara. Momenti ni ndogo, lakini mgandamizo wa N 200 kwenye shingo unabaki, na njia ikiwa ndefu shingo huchoka.

Kwa kulinganisha, taasisi ya NIOSH ya Marekani iliporekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991 iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha juu. Kikomo hicho ni kwa mazingira bora: mzigo uko karibu na mwili, una pa kushika, hauinuliwi kutoka chini kabisa, na mtu hajapinda kiuno. Mazingira yakiwa mabaya, kikomo hushuka. Ndoo ya kilo 20 iliyoko chini, mbali na mwili, mikononi mwa mtoto, iko nje ya mazingira hayo.

9.6 Vipimo vya nani? Tatizo la wastani

Mtu wa dijiti hajui chochote ambacho hakuingiziwa. Akiingiziwa vipimo vya mtu mmoja, atakujibu kwa niaba ya mtu huyo tu.

Mfano wa 4. Vipimo hivi ni vya kufanyia zoezi. Watumiaji 10 wa kisima, kuanzia mtoto wa darasa la tatu hadi mtu mzima, walipimwa kimo cha juu kabisa ambacho kiganja kinafika, nyayo zikiwa chini (sm):

158, 162, 166, 170, 174, 178, 182, 188, 196, 206

Jumla = 1,780. Wastani = 1,780 ÷ 10 = sm 178

Msanifu A anauweka mpini, ukiwa juu, katika sm 178, "ili umfae mtu wa kawaida." Hesabu wanaofika: 178, 182, 188, 196 na 206. Ni watano. Watano wengine lazima waruke. Msanifu amefuata wastani kwa uaminifu na amewaacha nusu ya wateja wake.

Msanifu B anautazama mkono mfupi kuliko yote. Anauweka mpini chini ya sm 158. Wote wanafika. Kisha anamrudisha mtu mrefu kwenye kompyuta kuona kama mpini ukishuka atalazimika kuinama mno, na anarekebisha urefu wa mpini mpaka wote wawili wapone.

Hapo ndipo wasanifu hutumia pasentaili. Mtu wa pasentaili ya 5 ni yule ambaye asilimia 5 tu ya watu wana kipimo kilicho chini ya chake. Mtu wa pasentaili ya 95 ana kipimo ambacho asilimia 95 ya watu wako chini yake. Kanuni za kukariri ni tatu:

1. Jambo la kufikia (mpini, rafu, kitasa): msanifie mdogo.
2. Jambo la kupita au kuenea (mlango, nafasi ya magoti): msanifie mkubwa.
3. Ikiwa wote wawili hawawezi kutoshelezwa pamoja: weka kifaa kinachorekebishika, kama kiti cha baiskeli kinachopanda na kushuka.

Ushahidi kwamba wastani hudanganya ulipatikana katika jeshi la anga la Marekani. Mwaka 1952, Gilbert Daniels alichunguza vipimo 10 vya marubani 4,063. Alitafuta rubani aliye karibu na wastani katika vipimo vyote 10. Hakumpata hata mmoja. Mwenye kimo cha wastani ana mikono mirefu, mwenye mikono ya wastani ana kifua kipana. Kiti kilichotengenezwa kwa mtu wa wastani kilikuwa kimetengenezwa kwa mtu asiyekuwepo.

Kosa hili huweza kuua. Kwa miaka mingi sanamu kuu ya majaribio ya ajali za magari imekuwa Hybrid III, ya mwanamume mwenye kimo cha takriban sm 175 na kilo 78. Sanamu ya mwanamke iliyotumika ni ndogo mno, ya takriban kilo 50, na ilipatikana kwa kuipunguza ya mwanamume. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 kutoka Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kuwa katika ajali zinazolingana, uwezekano wa dereva mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya ulikuwa mkubwa kwa asilimia 47 kuliko wa mwanamume aliyefunga mkanda. Mwaka 2022 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Astrid Linder walionyesha sanamu ya mwanamke wa wastani, sm 162 na kilo 62, pamoja na kielelezo chake cha kompyuta. Gari lilikuwa likipimwa kila siku. Kilichokosekana kwa muda wote huo ni kumpima aliyekaa ndani yake.

9.7 Mfano wa Afrika Mashariki: kitimwendo cha nyenzo

Mwaka 2005, Amos Winter, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza vitimwendo vya watu wenye ulemavu wa miguu. Aliona kuwa kitimwendo cha kawaida kinafaa sakafuni lakini hukwama kwenye mchanga na matope. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono huenda mbali, lakini haiingii ndani ya nyumba. Wewe unayejua barabara za Rufiji wakati wa masika huhitaji maelezo zaidi.

Winter na wenzake walianza na hesabu. Mikono ya binadamu inaweza kutoa kani kiasi gani na kwa kasi gani? Njia ya mchanga inadai kani kiasi gani? Jibu likawa nyenzo mbili ndefu, moja kila upande. Ukishika juu ya wenzo, mbali na egemeo, momenti inakuwa kubwa na kiti kinapanda mlima au kutoka matopeni. Ukishika chini, karibu na egemeo, kila msukumo unazungusha gurudumu zaidi na kiti kinakimbia kwenye njia nzuri. Gia ni mkono wako mwenyewe. Vipuri vilichaguliwa vya baiskeli, ili fundi wa baiskeli kijijini aweze kukitengeneza.

Hesabu zilikuwa sahihi. Mwaka 2009 bidhaa za mfano zilijaribiwa na watumiaji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Njiani kiti kilifanya kazi kama ilivyokokotolewa. Lakini watumiaji walitoa malalamiko: ni kizito, ni kipana, na ndani ya nyumba kinasumbua. Wasanifu walirudi mezani, wakakipunguza uzito na upana, wakakijaribu tena Guatemala na baadaye India.

Kosa halikuwa kwenye hesabu ya kani. Hesabu ilijibu swali la barabarani. Swali la mlangoni liliulizwa na watu wanaoishi nyumbani mwao. Hii ndiyo sababu hatua ya 7 haiachwi: mtu wa dijiti hujibu maswali, lakini hajui kulalamika kuhusu jambo ambalo hakuulizwa.

9.8 Faida na mipaka

Faida:
1. Gharama hupungua, kwa kuwa makosa husahihishwa kwenye mchoro kabla ya chuma kukatwa.
2. Muda huokolewa. Marekebisho mengi hujaribiwa kwa siku moja.
3. Majaribio ya hatari, kama ajali, hayamuumizi mtu.
4. Watu wa maumbo mengi hujaribiwa bila kuwakusanya mahali pamoja.

Mipaka:
1. Vipimo vikiwa vya watu wengine, majibu nayo ni ya watu wengine.
2. Uchovu, maumivu, woga, mazoea na mavazi ni vigumu kuigwa. Mtu wa dijiti hafungi khanga wala habebi mtoto mgongoni asipoelekezwa.
3. Programu na mafunzo yake ni ghali.
4. Matokeo yenye picha nzuri humfanya mtu aamini bila kuhoji.

9.9 Makosa ninayokutana nayo nikisahihisha

Kosa la 1: Kuandika "mtu wa dijiti ni roboti." Roboti ni mashine inayoshikika. Mtu wa dijiti yuko ndani ya programu.
Kosa la 2: Kusahau kugeuza sentimita kuwa mita kabla ya kukokotoa momenti. Jibu huwa kubwa mara 100.
Kosa la 3: Kuandika "msanifu atumie wastani ili wote wafae." Rudia mfano wa 4.
Kosa la 4: Kutaja faida tupu pale swali linaposema "jadili." Kujadili ni pande zote mbili, kisha msimamo wako.

Muhtasari

Mtu wa dijiti ni kielelezo cha mwili kinachotumika kujaribu bidhaa kabla haijatengenezwa. Ndani yake kuna vipimo vya watu na hesabu za kani na momenti. Wastani huwaacha wengi nje, kwa hiyo msanifu huangalia wadogo, wakubwa na wa kati. Mwisho wa yote bidhaa hurudi kwa watumiaji, nao ndio wenye neno la mwisho.

Zoezi la 9

1. Eleza tofauti kati ya mchoro wa mtu na mtu wa dijiti. (Alama 4)
2. Mtoto anainua dumu lenye lita 10 za maji likiwa sm 40 mbele ya uti wa mgongo. Misuli inavuta umbali wa sm 5 nyuma ya egemeo. Tafuta momenti ya mzigo na kani ya misuli. (Alama 6)
3. Amua kama utamsanifia mdogo au mkubwa: (a) kitasa cha dirisha, (b) mlango wa choo cha shule, (c) kamba ya kengele, (d) nafasi ya magoti chini ya dawati. (Alama 4)
4. "Hesabu ilikuwa sahihi, lakini bidhaa haikuwa tayari." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa kitimwendo cha nyenzo. (Alama 10)
5. Kazi ya vitendo. Chukueni futi ya fundi cherehani. Kwa ruhusa yao, pimeni watumiaji 20 wa kisima au bomba la jirani: kimo na kimo cha juu kiganja kinapofika. Pimeni na mpini ukiwa juu. Andikeni ni wangapi hawafiki. (Alama 16)

Majibu ya kudokeza

1. Taja uwezo wa kukokotoa, maungio, mwendo na majibu ya namba.
2. Uzito 100 N. Momenti 100 × 0.4 = 40 Nm; kani 40 ÷ 0.05 = 800 N.
3. (a) mdogo (b) mkubwa (c) mdogo (d) mkubwa.
4. Eleza kilichokokotolewa, kilichogunduliwa na watumiaji, kilichorekebishwa, kisha toa msimamo.
5. Majibu yatatofautiana. Usiitupe karatasi hiyo baada ya kupata alama zako. Mpeleke mwalimu, naye aifikishe kwa kamati ya maji ya kijiji. Siku pampu mpya itakapojadiliwa, badala ya kusema "watoto wetu ni wafupi," mtaweka mezani namba ishirini.